Simu ya Ngazini

Fundi mzuri wa viyoyozi ni yule anayepokea simu. Ujuzi wanao wengi. Mgeni aliyelala Shangani, kiyoyozi kikamfia alfajiri, haulizi fundi kasomea wapi. Anataka mtu afike kabla yeye hajaanza kuitukana hoteli mitandaoni. Ndiyo maana Machano nilimpenda. Simu yake ilikuwa haifiki mlio wa tatu. "Naam, Bi Tabia," na nyuma ya sauti unasikia bisibisi zinatiwa mfukoni.

Mimi nauza friji na viyoyozi vilivyotumika, hapa Mlandege. Naagiza Dubai, nasafisha, nauza. Anayenunua kwangu nampa na fundi, fundi akila na mimi naonja. Sina aibu na hilo. Nilianza na sinia la bajia nje ya shule, na sinia hilo lilinifundisha kwamba mteja akikukosa mara mbili, ya tatu hakutafuti.

Basi msimu wa vuli uliopita, Machano akaanza kukosekana. Asubuhi tu. Ukimpigia kuanzia saa mbili, simu inaita mpaka inachoka yenyewe. Adhuhuri ikishaadhiniwa anapokea kama zamani, mpole, kama kwamba hakuna kilichotokea. Nyumba moja ya wageni Malindi, hapa hapa mjini, walitaka viyoyozi vyote vihudumiwe kwa mpigo, kazi ya kumaliza wiki. Nikapiga, nikapiga tena. Meneja akanitazama jinsi nilivyokuwa nikiwatazama mimi wale waliokuja na sinia baada yangu, akampa kazi fundi wa Fuoni.

Niseme kwanza Machano ni nani, maana hajulikani kwa mtu yeyote ila wenye friji mbovu.

Kwao ni Chwaka. Mama yake, Bi Mwanaasha, alilima mwani mpaka magoti yakakataa maji. Machano mwenyewe alikuwa akishusha magunia ya barafu kwa ajili ya wanunuzi wa samaki. Barafu ilitoka mjini ndani ya unga wa mbao. Siku moja aliuliza inatengenezwaje, wakamcheka, wakamwambia panda gari ukaone. Akapanda. Aliiona mashine inayotengeneza barafu, akaomba kuifagilia chumba chake, na Chwaka akawa anarudi kwa mazishi na sikukuu. Mjini walimwita Mtu wa Mwani. Hakukasirika. Alikuwa akisema, "Mwani hauozi, nyie mnaoza," akaendelea kukaza nati.

Si msemaji. Ukimuuliza kiyoyozi kina nini, anakiwekea kiganja kwanza, kama unavyompima mtoto homa, ndipo ajibu. Alipata nyumba ya kupanga Sokomuhogo, ya ghorofa moja, akamleta mama yake, kisha akamuoa Badria wa Kidichi. Nilikuwepo. Biriani ilitosha watu, jambo ambalo siku hizi ni nadra.

Sasa kuhusu hizo asubuhi. Aliyenifumbua macho ni Nasima, wakala wa pesa na mabando, ambaye kibanda chake kimeegemea duka langu na ulimi wake hauegemei popote.

"Bi Tabia, yule fundi wako kafungua skuli ya kompyuta?"

"Kwa nini?"

"Kila bando lake likiisha anakuja kununua na lile la hotspoti. Nikamwambia, Machano, simu unayo moja, unamgawia nani? Akaniambia, we uza tu."

Nasitasita kumlaumu mwenye kuuza, lakini kampuni ile ya simu inauza intaneti kama mchinjaji anavyouza ng'ombe: nyama bei yake, maini bei yake, kichwa bei yake. Ukinunua bando la kawaida utaangalia mwenyewe kwenye simu yako. Ukitaka kuwasha hotspoti umgawie mwenzako, ongeza. Ukitaka imeli ya ofisi ifunguke humo simuni, ongeza tena. Ningekuwa wao, pengine ningefanya vivyo hivyo. Lakini mtu ananunua anachokihitaji, au anachokitaka. Machano hana kompyuta. Hotspoti haihitaji. Nikakaa nikijiuliza anaitakia nini, hasa kwa vile nilijua, kama Mlandege nzima ilivyojua, kwamba alikuwa amemuacha mkewe.

Badria anafanyia kazi kampuni yenye nyumba za wageni nne humu mjini. Kazi yake ni kujibu barua pepe: nani anakuja, chumba gani, atapokelewa na nani bandarini. Anaifanyia nyumbani, na hilo ndilo lililompendeza, kwa sababu ya magoti ya Bi Mwanaasha. Waajiri wake walimlipia imeli ya ofisi kwenye simu yake. Lakini ile programu ya vyumba haifunguki ila kwenye laptopu, na laptopu inataka mtandao, na mtandao wa laptopu wakasema ni juu yako, bibie. Laini ya Machano ndiyo iliyokuwa ikishika vizuri pale Sokomuhogo. "Hotspoti ntaongeza mie," alimwambia. Walikuwa bado wapya. Wengine huwapa wake zao khanga; yeye alimpa hiyo, na kila ikiisha akaiongeza tena.

Shida ya wageni ni kwamba wanatoka pande ambazo kwetu kukicha kwao kunakuchwa. Imeli zinaingia wakati wowote. Machano alizoea kula na mtu aliyeinamisha kichwa. Alizoea, au alifikiri amezoea.

Siku moja alirudi kutoka Chwaka kumzika ami yake, yule aliyekuwa akimpa samaki wa kupeleka nyumbani alipokuwa mdogo. Akapanda ngazi, akasimama mlangoni, viatu mkononi. Badria alikuwa amekaa mkekani na laptopu. Familia mbili zilikuwa zimeahidiwa chumba kimoja na zote mbili ziko uwanja wa ndege.

"Nngoje kidogo, Machano."

Akangoja. Mchanga wa kaburi ulikuwa bado kwenye kucha zake.

"Nngoje," mara ya pili, bila kuinua uso.

Machano akasema, "Basi olewa na hao wageni wako," na juu yake akatamka talaka. Moja. Mama yake alikuwa pale pale anapepeta mchele.

Mwanamke wa mjini akiachwa, jioni ile ile huchukua begi akarudi kwao. Badria alishasimama. Bi Mwanaasha akaweka ungo chini.

"Hapa hatoki mtu," alisema. "Talaka ya kurejewa, mke anakaa eda ndani ya nyumba ile ile iliyomkuta. Ndivyo dini isemavyo, nyie ndio mnaojifanyia haraka. Mie nipo kati yenu. Wa kutoka humu ni wewe, Machano. Shuka chini."

Akashuka. Chini kuna chumba kimoja karibu na mlango wa njiani, anamoweka mashine zilizokufa. Akatandika humo. Juu wakabaki wanawake wawili. Chakula kilikuwa kikiteremshwa kwenye kikapu kwa kamba, na kikapu kilirudi juu kimeoshwa.

Kwa asiyejua: ndani ya eda, mume akisema neno moja tu, nimekurejea, mke wake amerudi, hakuna posa wala mahari. Eda ikipita bila neno, mwanamke ni wa kuposwa kama wengine wote. Kwa lugha yangu ya dukani, ndani ya eda mali umeiwekea rubuni, hauziwi mwingine. Eda ikipita, imerudi sokoni.

Hayo yote niliyajua kwa kusikia. Cha ngazini nilikiona kwa macho.

Meneja wa kina Badria, Abdulhakim, alikuja dukani kwangu kununua ruta, kile kisanduku cha intaneti chenye laini yake ndani. Alichoka na imeli kujibiwa kwa kukwama. "Mpelekee Badria," alisema, "umelipwa mpaka usafiri." Nikakichukua mwenyewe, asubuhi, maana nilikuwa na langu la kuuliza pale.

"Hodi!"

"Karibu, pita! Shika kamba, vidato vinateleza," Bi Mwanaasha aliitika kutoka juu.

Ngazi za nyumba zile ni za kupanda kwa magoti na dua. Pale zinapokata kona pana shubaka ukutani, kitundu ambacho wa kale waliwekea taa. Ndani yake, juu ya kitambaa kilichokunjwa, ilikuwepo simu, imesimamishwa wima, waya wa chaji umepita dirishani. Nikatoa yangu nikapiga namba ya Machano. Kitu kikatetemeka shubakani na jina langu likaandikwa juu yake: BI TABIA FRIJI.

Nikanyoosha mkono.

"Usiiguse!" Bi Mwanaasha alikuwa ameshatokeza kichwa. "Ukiisogeza kidogo tu, huku juu kazi inasimama."

Nikaelewa. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe na chokaa, hazipitishi hata ugomvi. Simu ikiwa chini, mtandao unafia ukutani. Machano alishajaribu kizingitini, alishajaribu chini ya ngazi. Shubaka ndilo pekee linalofika chumba cha juu. Kwa hiyo kila asubuhi mtu huyu, ambaye simu ndiyo karakana yake, alipanda nusu ya ngazi, akaiweka, akashuka, akatoka kutafuta riziki mikono mitupu.

Badria nilimkuta mbele ya laptopu, mtandio begani, amekonda kidogo.

"Shikamoo, Bi Tabia."

"Marahaba. Nimekuletea kitu kutoka kwa bwana wako mkubwa. Kimelipiwa. Ukichomeka tu, utakwenda kama upepo."

Alikitazama kisanduku kama mtu anavyotazama samaki wa jana.

"Rudi nacho."

"Hakirudi, kimelipiwa."

"Basi kiweke pale. Usikifungue."

"Mwanangu, unaijua kazi yako kuliko mimi. Huo mtandao ulio nao unakwama na unalipiwa. Huu haukwami na hulipi wewe."

"Nimesikia."

"Sasa?"

Akaigeuza laptopu nione. Palikuwa na orodha ya mitandao iliyo karibu: ya duka la vinyago, ya majirani, ya hoteli ya nyuma, yote imefungwa. Ya juu kabisa imeandikwa Fundi Machano.

"Asubuhi nikifungua, jina hili halipo," alisema. "Kisha nasikia mlango wa chini. Kisha vidato, vichache. Kisha jina hili hapa. Adhuhuri linaondoka. Nikiwasha hicho kisanduku chako, hapa patakaa jina gani?"

"La kisanduku."

"Ndiyo hivyo."

Akairudisha laptopu, akaendelea kumwandikia mtu kuhusu chumba chenye vitanda viwili.

Nimeuza vitu kwa watu wa kila namna. Anayekataa kizuri cha bure akashikilia kibovu cha kulipia ana sababu, na sababu hiyo haiandikwi kwenye risiti.

"Mwambie, basi," nilisema.

"Nimwambie nini? Aliyetamka ni yeye. Simu anaiweka kwa sababu mama yake kamuamuru."

"Mie?" Bi Mwanaasha aliacha kuchambua mchele. "Mie nilimuamuru ashuke chini tu. Simu kaiweka mwenyewe, akasema isiguswe."

Vidole vya Badria vilisimama juu ya herufi.

Mchana ule ule Machano alikuja dukani kwangu. Alikuwa ametokea nyumbani kuichukua simu, na aliishika kwa viganja viwili, kama boflo lililotoka tanurini. Simu inayogawa mtandao tangu asubuhi inakuwa moto. Nilimuona akiupima ule moto, yeye mpimaji wa moto na baridi za watu.

"Leo kafanya kazi nyingi," alisema, hakumwambia mtu.

"Machano, umenikosesha Malindi nzima."

"Nisamehe, Bi Tabia."

"Samahani yako siwezi kuiuza. Nataka asubuhi zako."

"Asubuhi zina mwenyewe."

"Basi mrejee huyo mwenyewe tujue moja! Neno lenyewe moja, halina kodi, halina hotspoti."

Akakaa juu ya friji lililolala. Nasima alikuwa ameshazima redio yake ili asikie vizuri.

"Ntamrejea vipi mtu anayengojea mtandao?" alisema Machano. "Nikitamka, amerudi, atake asitake. Atanyamaza kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya mama. Na mie nisijue maisha."

"Sheria haikuulizi kama anataka."

"Mie najiuliza. Nimeona wanawake waliorejewa kama friji lililorudishwa dukani. Linafanya kazi, lakini mlango wake haufungi sawasawa."

"Yakhe," Nasima akadakia kutoka upande wa pili, "na wewe umeacha kama mtu anayetupa maji ya vyombo, sasa unataka kurejea kama hakimu!"

Machano akacheka kidogo, cheko la kulipa deni. Nikamuuliza eda inakwisha lini.

"Mwisho wa mwezi. Miezi mitatu kamili, nimeiwekea alama kwenye kalenda."

Sikumuuliza zaidi. Nilikuwa nafikiria biashara, na katika biashara siku zilizobaki zilitosha.

"Sikiliza," nikamwambia. "Ukitaka kujua mtu anakutaka wewe au anataka mzigo ulioubeba, uondoe mzigo. Kule juu kuna kisanduku kipya, kizima, cha bure. Nimekipeleka leo. Keshokutwa nina kazi Shangani, saa mbili. Njoo na simu yako mfukoni. Akikiwasha, umejua. Asipokiwasha, umejua."

Aliizungusha simu viganjani mpaka ikapoa.

"Na akikiwasha?"

"Utakuwa na asubuhi zako."

Hakuonekana kufurahia bei hiyo. Lakini keshokutwa alikuja.

Kazi ilikuwa kwenye ukumbi wa hoteli, kiyoyozi kimewekwa juu karibu na boriti. Ubwa, mlinzi wa pale, alishika ngazi ya mbao, mimi nilishika maneno na meneja. Machano alikuwa juu, mikono imejaa mafuta ya mashine, na kila baada ya muda mfupi alijitazama mfuko wa shati.

"Fundi, umetia siafu humo?" Ubwa aliuliza.

"Shika ngazi."

"Nimeshika. Anayetikisika ni wewe."

Ikaita. Machano akaganda. Mlio wa kwanza, wa pili, wa tatu ukapita.

"Mikono yangu michafu," alisema. "Bi Tabia."

Nikapanda vidato viwili, nikaichomoa mfukoni mwake, nikabonyeza. Mimi na simu hizi za kioo hatuelewani. Sauti ikatoka kubwa, ya kusikika ukumbi mzima.

"Umeichukua simu," alisema Badria.

"Nimeichukua."

"Unaumwa?"

"Sijambo."

"Nilidhani unaumwa. Jina lako halikutokea."

"Kuna kisanduku huko."

"Kipo."

"Umekiwasha?"

"Sijakiwasha."

"Na wageni?"

Badria akasema, "Wangoje."

Sijui kama kuna neno jengine katika Kiswahili lingemshusha Machano kutoka ngazini haraka hivyo. Alishuka, mikono imenyooshwa mbele kama mwenye wudhuu, akasimama karibu na simu niliyoishika.

"Badria binti Muhammad, nimekurejea katika nikahi yangu. Bi Tabia yupo, na Ubwa yupo, wanasikia."

"Nasikia wallahi," alisema Ubwa, bado ameshika ngazi isiyokuwa na mtu.

Nilingojea kilio, au cheko, au kigelegele cha Bi Mwanaasha. Hakikuja kimoja.

"Machano."

"Naam."

"Ulikuwa ukihesabu kwa nini?"

"Kwa kalenda. Mpaka mwisho wa mwezi."

"Mie si bibi kizee nihesabiwe kwa kalenda," alisema, kwa upole sana. "Eda yangu imekwisha. Imekwisha tangu wiki iliyopita."

Kila chuo cha Kurani kinalifundisha hilo, na kila mwanamme akitoka chuoni analisahau. Eda ya mwanamke ambaye bado anaziona siku zake inakwenda kwa twahara zake tatu, vile vipindi vya usafi baina ya hedhi, na anayezijua ni yeye na Mola wake. Miezi ya kalenda ni ya wale walioachana na mambo hayo. Machano, mtu wa vipimo, alipima kwa kipimo cha mtu mwingine.

"Wiki iliyopita?" Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mbona basi hukuondoka?"

Tulisikia adhana ya mtu aliyeiweka iwe mlio wa simu yake mahali fulani barabarani, ikazimwa.

"Mtandao ulikuwa bado unakuja," alisema Badria, na akakata.

Ubwa akaiachia ngazi. Machano alichukua tambara akajifuta mkono mmoja, kidole baada ya kidole, kisha akapanda akamaliza kazi. Kiyoyozi kile mpaka leo hakijalalamika.

Nilikwenda Sokomuhogo moja kwa moja. Bi Mwanaasha alikuwa amekaa juu ya ngazi.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nlijua. Mtu unaishi naye chumba kimoja, unauona mswala wake ukitandikwa na ukikunjwa. Ulipokunjwa kwa siku zake mara ya tatu, nlijua."

"Na hukusema?"

"Ningesema, angeondoka siku ile ile. Nlikuwa namngojea mwanangu akili imfike. Akili yake inakuja kwa miguu kutoka Chwaka." Akajipangusa uso kwa ncha ya khanga. "Na yeye mwenyewe hakusema. Kila asubuhi nasema, leo atafunga begi. Anafungua laptopu."

Lakini jambo likishasemwa mbele ya mlinzi wa hoteli halirudi ndani. Hakuwa mke tena wala hakuwa edani. Nyumba ile haikuwa yake ya kulala hata usiku mmoja. Alasiri alishuka na begi, laptopu, na kile kisanduku kwapani. Machano alikuwa chumbani kwake, mlango umefungwa, kama ipasavyo. Mimi nilikuwa barazani na nilivisikia vidato vya Badria. Katikati, pale ngazi inapokata kona, vilisimama. Kisha vikaendelea.

Kazi ya posa nilipewa mimi. Nani mwengine? Nilikwenda Kidichi na mzee mmoja wa kutoka Chwaka, wa kuupamba ugeni. Maneno nilikuwa nayo mimi. Kaka yake Badria, Borafya, ana shamba la mdalasini na pilipili manga, na anauza kwa watalii, kwa hiyo nilijua napambana na mwenzangu. Alianza juu sana: kabati, kitanda cha mninga, friji.

"Friji umekusudia nikuuzie au nikupe bure?" nikamuuliza.

"Bi Tabia, dada yangu ameachwa kwa neno moja, akarejeshwa kwa neno moja, na yote mawili yamekosea mahali. Safari hii maneno yawe mengi."

Tukavutana. Alinimiminia chai ya viungo ili nilegee, nikamsifu mdalasini wake ili ajisahau. Tulikuwa tunakaribiana, na mimi nilikuwa napata utamu wa kazi, pazia likafunguliwa, Badria akatoka.

"Mahari atoe atakachoweza," alisema. "Mie nna sharti moja. Akiambiwa ngoja, angoje."

"Sharti gani hilo?" Borafya alishangaa.

"Mwenyewe analijua."

"Na harusi?"

"Ramadhani ipite kwanza."

Ramadhani ilikuwa haijaandama hata. Mahari ningeweza kuishusha, na tarehe pia ningeweza kuivuta. Kuna njia, kuna sababu za kubuni, magoti ya mama, kodi ya nyumba. Nilifungua mdomo. Nikamtazama yule mtoto wa watu, nikaufunga. Nilimwambia mzee wa Chwaka asome fatiha.

Wakati nangojea kufungiwa mdalasini wa kuondoka nao, Badria alikuwa amekaa ukumbini, laptopu mapajani, kisanduku cha Abdulhakim kinawaka taa ya kijani dirishani. Mtandao ulikuwa unakwenda kama upepo, kama nilivyoahidi. Midalasini ya kaka yake ilionekana kwa nje.

"Bi Tabia," alisema, macho kwenye kioo. "Asubuhi simu anapokea?"

Ningeweza kumwambia lolote. Ukweli ni kwamba asubuhi ya kwanza baada ya Badria kuondoka nilipiga, furaha tele, nimeshapanga kazi mbili. Ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga kesho yake. Siku ya tatu nikaenda mwenyewe Sokomuhogo, nikashika kamba, nikapanda nusu ya ngazi. Ilikuwa shubakani, wima juu ya kitambaa chake, waya dirishani. Nasima aliniambia bando la hotspoti kaongeza tena, na imeli yeye hana, kompyuta hana, na juu hakuna mtu ila Bi Mwanaasha na ungo wake.

"Hapokei," nikamwambia Badria.

Akavuta laptopu karibu zaidi, akaanza kuandika, na nikaona anaandika polepole kuliko kawaida yake.

"Usimwambie nimeuliza."

Sijamwambia. Kazi za asubuhi nampa fundi wa Fuoni mpaka Ramadhani ipite. Za baada ya adhuhuri bado ni za Machano.